Sindano kwa Joto Lisilo Homa

Siku mliyoniaga hospitalini kwa soda na keki, mwenzenu Rehema aliniomba niseme neno kwa vijana wanaobaki. Nikasema "asanteni" nikakaa. Si kwamba sikuwa na maneno. Yalikuwa mengi kuliko ile soda. Sasa niko nyumbani Ipagala, sina zamu, na mke wangu amechoka kuniona nikizunguka jikoni nikitengeneza vitu ambavyo havijaharibika. Ndiyo maana nimekaa kuandika.

Habari za vyeo na mshahara sitaandika. Hizo zimo kwenye jalada langu, na jalada lenyewe ni jembamba. Nitaandika habari za chumba cha sindano, namna kilivyogeuka kuwa chumba cha wanawake, na kosa nililolifanya humo. Hilo kosa msipoambiwa mtalirudia.

Nilianza kazi nikiwa mtu wa viungo, wa kuwafanyisha wagonjwa mazoezi. Siku ya kwanza nilipewa koti jeupe lililonifika magotini, na mgonjwa wangu wa kwanza alikuwa mzee wa Kigogo kutoka upande wa Mpwapwa, aliyekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. Nikamwambia anyanyue mguu. Akanitazama kwa huruma.

"Kama ningeweza kuunyanyua, mwanangu, ningekuja kwako kufanya nini?"

Kwa miaka mingi kazi ilikuwa hiyo: migongo, magoti, nyonga, mikono iliyotoka kwenye plasta ikiwa imekauka kama kuni. Wanawake nao walikuja, lakini nakiri kwamba sikuwaona kama wanawake. Niliwaona kama mabega na viuno.

Sindano hizi za Kichina, zisizotia dawa bali huchomwa na kuachwa mwilini kwa muda, zilinikuta nina miaka arobaini na kitu. Alikuja daktari mmoja kutoka China, mama mfupi wa raba za turubai, Daktari Lin, akakaa nasi miaka miwili. Kiswahili chake alikuwa amekiandika kwenye daftari dogo, na kila neno jipya alilisikia mara moja tu akalichukua. Mimi nilipangiwa kumsaidia kusogeza vitanda na kuwaelewesha wagonjwa. Baada ya miezi michache nikawa mwanafunzi wake, bila mtu yeyote kuandika barua.

Alinifundishia kwenye mche wa sabuni ya kufulia. Aliuviringishia kipande cha kitenge, akauweka mezani. "Kitambaa, ngozi," alisema. "Sabuni, nyama." Wiki tatu nilichoma sabuni. Sindano zenyewe ni nyembamba kama unywele, na ukitumia nguvu zinapinda na kukuaibisha. "Sindano si msumari," alikuwa akisema, na wagonjwa waliokuwa kwenye benchi wakacheka, maana walidhani ni methali. Wiki ya nne alikunja suruali yangu mguu mmoja, akanipa sindano mkononi. "Wewe kwanza."

Nilijichoma chini ya goti, upande wa nje. Nilitarajia maumivu, nikapata kitu kingine: uzito, kama mguu umejazwa mchanga mbichi.

"Mgonjwa akisema nasikia uzito, umefika," alisema Daktari Lin. "Akisema nasikia uchungu, umepotea."

Baadaye nilipelekwa kozi nikapata na cheti, na cheti kimetundikwa pale ukutani mnakiona. Lakini mkono huu nilipewa na yule mama na sabuni yake.

Mambo mawili ya vifaa, kisha niendelee. La kwanza, sindano ikishatoka mwilini inaingia kwenye sanduku la usalama, hata kama stoo imebaki pakiti moja na foleni imefika getini. La pili, hesabu unazoingiza na uandike namba kwenye kadi kabla hujageuka. Kuna mama alinitoka na sindano sikioni, akaenda sokoni Majengo, akanunua nyanya, akarudi mchana. "Daktari," aliniuliza, "hii hereni ni zawadi au niirudishe?" Alicheka sana. Mimi sikulala vizuri siku tatu.

Sasa nifike kwa Sista Sechelela. Wengi wenu hamkumkuta. Alikuwa muuguzi wa kliniki ya wanawake, mlango wa tatu kutoka kwangu, mwanamke mkubwa wa umbo na mwenye sauti ya chini, ambaye angeweza kunyamazisha korido nzima kwa kufunga faili. Siku hizi analima zabibu kwao Mvumi, na bado akinipigia simu mimi hukaa wima kwenye kiti.

Jumanne moja alisimama mlangoni kwangu.

"Baba Amosi, unawafanya nini wagonjwa wangu?"

Nikaogopa. Nikauliza wagonjwa gani. Akanitajia wanawake watatu niliokuwa nikiwachoma sindano za kiuno. Wote watatu, kila mmoja kwa wakati wake, walikuwa wamepita kliniki kwake wakamwambia kitu kimoja: tangu waanze sindano wanalala.

"Hawa hawajalala tangu mwaka jana," alisema. "Wanaamka wameloa kama wametoka kisimani. Moyo unawaenda mbio. Mchana wanamfokea kila mtu, kisha wanalia peke yao."

"Labda ni malaria," nikasema.

Akaingia, akafunga mlango.

"Mama Amosi ana miaka mingapi?"

"Arobaini na tisa."

"Mwaka huu umemnunulia dawa ya malaria mara ngapi?"

Nikahesabu kimoyomoyo. Mara tatu. Na mara zote tatu kipimo kilionyesha hana kitu.

Sista Sechelela aliketi kwenye kitanda cha wagonjwa, akanifundisha kwa nusu saa kitu ambacho nilipaswa kukijua kwa kuishi tu na mke. Kwamba miaka kadhaa kabla hedhi haijakoma kabisa, inaanza kuja inavyotaka. Kwamba joto linapanda kutoka kifuani hadi kichwani bila homa yoyote, jasho linafuata, halafu baridi. Kwamba usingizi unakimbia, viungo vinauma, jina la jirani linapotea mdomoni. Na kwamba wengi hawana neno la kuyasemea hayo. Watumishi waliohamia hapa Dodoma na wizara kutoka Dar es Salaam walikuwa na jina la Kiingereza waliloliokota kwenye simu. Mama wa Kondoa alisema moto unampanda. Bibi wa Kigogo hakusema chochote, alivua kanga ya juu, akaivaa tena, akaivua tena.

"Hawaji na neno, Baba Amosi," alisema. "Wanakuja na kiuno."

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikakaa karibu na mke wangu, nikamuuliza. Akasema, "Nani amekwambia?" Kisha akaniambia yote hadi wali ukapoa. Hayo ni ya kwake, hayamo humu.

Nilimuuliza Daktari Lin, ambaye alikuwa amebakiza wiki chache aondoke. Akasema kwao amewachoma wanawake wa umri huo miaka yote ya kazi yake. Akanionyesha mahali: mguuni upande wa ndani, vidole vinne juu ya fundo, chini ya goti, kwenye mkunjo wa kiganja, sikioni, utosini. "Haiondoi umri," alisema. "Inapunguza tu. Na si kwa wote." Nikamuuliza inapunguzaje. Akafikiri, akafungua daftari lake, akalifunga. "Sina Kiswahili cha kujibu," alisema. "Kichina pia, sina cha kutosha." Tangu siku hiyo nimewasikia watu wengi wakieleza sindano zinavyofanya kazi, na hakuna niliyemwamini kama yeye.

Sista Sechelela alikubali kunipa wagonjwa kwa masharti yake. Sharti moja, mwanamke hatachomwa bila muuguzi wa kike kuwemo chumbani. Jingine, kila mmoja apite kwake kwanza: presha, wingi wa damu, maswali, na kipimo cha mimba. Hapo kwenye mimba nilicheka. Wanawake wa miaka arobaini na sita! Mwezi wa kwanza tu, akaja mama wa miaka arobaini na mitano, hedhi imepotea miezi miwili, joto, kichefuchefu, usingizi hakuna. Na ile sindano ya juu ya fundo la mguu mjamzito hachomwi. Kipimo kikatoa mistari miwili. Yule mama alicheka, akalia, akatuomba tusimwambie binti yake, maana binti naye alikuwa mjamzito na asingemsamehe. Sikucheka tena kuhusu masharti ya Sista.

Bi. Zaituni alikuja mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukiwa ule wa kupenya hadi kwenye mifupa. Alikuwa mfanyabiashara wa vitenge na mashuka Kondoa, dukani pamoja na mumewe, na alikuwa amepanda basi la alfajiri. Alisema bega linamuuma. Nikiwa nashika bega, nikaona jasho linamtiririka shingoni, nami niko ndani ya sweta.

"Umekimbia?" nikamuuliza.

Sista Sechelela akakohoa. Kikohozi hicho nilikifahamu, kilikuwa na maana ya "nyamaza". Akavuta kiti karibu na Bi. Zaituni, akamwuliza taratibu analala wapi.

Machozi ya Bi. Zaituni yakaja kabla ya jibu. Analala stoo, alisema, kwenye sakafu ya saruji, tangu Ramadhani. Kitandani haiwezekani, anaungua. Anatoka mumewe akiwa amelala, na mumewe akiamka anakuta nafasi tupu.

"Anasema nina mtu. Nikimwambia ni joto, anasema joto gani na watu wamevaa masweta? Nimekaa naye miaka ishirini na saba, nimemzalia watoto watano, leo ananusa kanga zangu." Akajifuta uso. "Wamepanga kikao cha wazee. Imebaki wiki mbili na siku kadhaa."

Nilimchoma mikononi na miguuni tu, kuanzia goti kushuka na kiwiko kushuka, kanga imefunika kwingine kote, Sista ameketi pale pale. Mara ya kwanza hakusikia tofauti. Tukampangia mara mbili kwa wiki, akawa anafikia kwa dada yake Chang'ombe. Mara ya pili alipitiwa na usingizi mzito, akakoroma. Dakika zilipokwisha nilimtoa sindano zote na hakushtuka. Nikataka kumwamsha, mgonjwa mwingine alikuwa anasubiri.

"Mwache," alisema Sista Sechelela. "Nani mwingine atamwacha?"

Mara ya tatu mumewe alimfuata. Tayari nilikuwa nimeshamchoma nikatoka kuchukua pamba, nikamkuta Mzee Shabani koridoni: mrefu, kofia safi, heshima zake zote na hasira zake zote. Tukasalimiana vizuri. Kisha akasema, kwa sauti iliyofika mwisho wa benchi:

"Wewe ndiye mwanamume unayemlaza mke wangu kitandani?"

Kulikuwa na majibu mengi mazuri. Mimi nikasema, "Kwa dakika ishirini na tano tu."

Benchi zima likatazama sakafu. Naomba mlipime jibu hilo kabla hamjapata la kwenu.

"Anaumwa nini?" akauliza.

Ilikuwa rahisi sana kumwambia. Maneno matatu, kikao kingekufa pale pale. Lakini siri haikuwa yangu.

"Muulize mwenyewe, mzee wangu. La kwake mimi siwezi kulisema."

"Mimi ni mume wake."

"Ndiyo maana nakwambia umuulize."

Nadhani angenipiga. Alikuwa ameshakunja ngumi. Ndipo sauti ya Bi. Zaituni ikatoka nyuma ya pazia, si kubwa: "Mwacheni aingie."

Akaingia, Sista akampa stuli. Alimkuta mkewe amelala chali, amefunikwa, sindano nne miguuni na mbili mikononi, ameangalia dari. Dirisha lilikuwa wazi, upepo unaingia, karatasi zinapepea juu ya meza. Kisha nikaona unyayo wa Bi. Zaituni unaanza kucheza, juu ya mdomo panang'aa, jasho likachomoza kwenye paji la uso na kushuka masikioni.

"Sasa," alisema. "Weka mkono."

Mzee Shabani akanitazama, akamtazama Sista, kama mtu anayeomba ruhusa ya kumgusa mke wake mwenyewe. Akaweka nyuma ya kiganja shingoni kwa mkewe. Akautoa haraka, kama aliyegusa sufuria. Akaurudisha, safari hii kiganja chote, akauacha pale.

"Subhanallah. Zaituni, unaungua."

"Kila usiku. Mara nne, mara tano."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia," alisema Bi. Zaituni. "Hukuweka mkono."

Yule mzee aliinamisha kichwa, kofia ikaanguka, na hakuiokota. Mimi nikakumbuka kwamba nilikuwa nimetoka kuchukua pamba, nikatoka tena.

Kikao kilifanyika, maana wageni walikuwa wameshaalikwa. Bi. Zaituni alinisimulia kwamba mumewe ndiye aliyesimama wa kwanza, akasema hana shauri, amekosea. Shemeji mmoja akataka kujua ni ugonjwa gani huo. Mzee Shabani akamjibu, "Nenda kamuulize mkeo, kama unaye anayekujibu." Wakala pilau wakatawanyika. Bi. Zaituni aliendelea kuja wiki kumi. Joto halikuisha, lilipungua, kutoka mara tano hadi moja au mbili. Usingizi ulirudi. Alirudi kitandani kwa sharti kwamba blanketi ni la mumewe peke yake. Bega lilibaki vile vile.

Baada ya hapo tukajaa. Wanawake walikuja kutoka Kondoa, Mpwapwa, Msalato, na maofisini hapa mjini. Nami nikavimba kichwa. Nikawa natembea koridoni kama mtu aliyegundua moto. Sista Sechelela aliona.

"Sindano zako ni nzuri, Baba Amosi," aliniambia siku moja. "Lakini usizisifu mno. Nusu ya dawa ni kulala mahali ambapo hakuna mtu anayekuita mama."

Sikuipenda kauli hiyo, kwa sababu nilishindwa kuipinga. Na kulikuwa na wale ambao hawakusaidika. Mama mmoja wa benki nilimchoma mara nane, akaamka kila mara kama alivyolala. Daktari alimpima akampa vidonge vya homoni, na baada ya muda si mrefu akawa mzima, akaja kuniaga kwa upole wa kumwonea mtu huruma. Mkiona haisaidii, msing'ang'anie. Mgonjwa si shamba lako.

Mwalimu Perpetua alikuja katika miaka hiyo ya kuvimba kichwa. Alifundisha hesabu shule ya msingi upande wa Msalato, ana miaka hamsini na mitatu, mwembamba, mcheshi, na alisahihisha madaftari kwenye foleni kalamu nyekundu mkononi. Shida yake ilikuwa joto na kukosa usingizi. Sista Sechelela alikuwa likizo ndefu, amefanyiwa upasuaji wa goti, na muuguzi aliyemshikia nafasi alikuwa kijana, akipima presha na kuniamini mimi. Nami nilikuwa nimewasikiliza wanawake miaka sita. Nilidhani maswali nimeyamaliza.

Siku ya pili, nikiwa namchoma, alisema, "Na vidamu vimerudi kidogo. Mwalimu mzima nimerudi kwenye pedi kama msichana wa darasa la saba."

"Kawaida ya umri," nikamwambia. "Hedhi haina adabu, inaaga, halafu inarudi kuchukua mwavuli."

Tukacheka sote. Huo utani ni wangu, nilishautumia kwa wengine, na ulikuwa unapendwa.

Nilimchoma wiki tano. Alilala vizuri. Aliniletea karanga za kukaanga kwenye kikopo. Siku ile niliandika kwenye kadi yake kwamba damu imerudi, kisha kila wiki: anaendelea vizuri.

Sista Sechelela alirudi kazini akitembelea fimbo, na kama kawaida yake akaomba kadi zote alizozikosa. Alizisoma moja moja, mimi nikichemsha chai. Akasimama kwenye moja.

"Huyu Perpetua. Umeandika damu imerudi. Ilikuwa imekata lini?"

"Sikuuliza."

"Ulijuaje basi kwamba ni kawaida?"

"Wengi wao, Sista, huwa..."

"Sijakuuliza wengi."

Alichukua simu akampigia pale pale. Nilimsikia akimsalimia, akimuuliza habari za shule, akiuliza lile swali. Akasikiliza. Akakata simu akaiweka mezani polepole.

"Miaka miwili na nusu," alisema. Kisha akaniita jina langu, ambalo hakuwahi kuliita. "Elia. Mwanamke ambaye hedhi imekoma mwaka mzima, akiona hata tone moja, si wako. Ni wa daktari, siku hiyo hiyo."

Kesho yake asubuhi alimpeleka Mwalimu Perpetua kwa daktari yeye mwenyewe, na fimbo yake. Wakamfanyia vipimo, wakachukua kinyama cha kupeleka maabara, majibu yakarudi: saratani ya mfuko wa uzazi. Ilikuwa bado changa. Akafanyiwa upasuaji, wakatoa mfuko pamoja na vifuko vya mayai. Nilimuuliza daktari kama zile wiki tano zilikuwa na madhara. Akasema labda hapana. Nimekaa na ile "labda" hadi leo.

Ule mstari ulio juu kabisa ya kadi zenu, unaouliza hedhi ya mwisho ilikuwa lini na kama damu imeonekana baada ya hapo, ulitoka kwenye kadi ya Mwalimu Perpetua. Nimewaona mkiujaza harakaharaka mgonjwa akiwa bado anavua viatu.

Miezi mitatu baadaye alirudi. Alikuwa amepungua, kitenge kimemzidi kiunoni, lakini kalamu nyekundu alikuwa nayo bado, safari hii imechomekwa kwenye nywele. Joto lilikuwa limerudi, alisema, tena sasa limekuja lote kwa mpigo, kwa sababu ya vile vifuko vilivyotolewa. Homoni daktari hakutaka kumpa kwa sababu ya ugonjwa wake. Alikuwa na karatasi ya daktari ya kumruhusu sindano. Akaitoa kwenye mkoba, akanipa kwa mikono miwili.

"Mwalimu," nikasema, "kabla hujapanda kitandani, kuna jambo."

Sista Sechelela alikuwa dirishani. Hakugeuka.

Nikamweleza. Kwamba ile damu ilipaswa kunishtua siku ile ile. Kwamba sikuuliza. Kwamba aliyeuliza ni Sista, siku aliyorudi kazini, na kwamba kama asingerudi ningeendelea kumchoma na kula karanga zake.

Alinisikiliza akiwa amesimama. Nilitegemea alikuwa anajua, au alihisi. Hakuwa anajua.

"Nimewaambia walimu wote shuleni kwetu kwamba wewe ndiye uliyeniokoa," alisema.

Nikaitazama ile karatasi ya daktari mkononi mwangu.

"Wiki tano."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na ulicheka."

"Ndiyo."

"Na mimi nilicheka," alisema, kama anayejiambia mwenyewe. Akaichukua karatasi yake mkononi mwangu, akaikunja, akairudisha kwenye mkoba. Akamuaga Sista. Mimi hakuniaga. Nilisimama mlangoni nikamwona akitembea koridoni polepole, mkono umeshika tumbo pale kwenye mshono, hadi akapotea kwenye kona ya maabara. Nilidhani nimemwona kwa mara ya mwisho, na sikuona kwamba nilikuwa na haki ya kutaka vingine.

Alhamisi iliyofuata alikuwa wa kwanza kwenye benchi. Hakuniletea karanga. Aliingia, akampa Sista mkoba amshikie, akapanda kitandani, akalala chali. Joto lilikuwa limeshampanda, shingo imeloa. Nikanawa mikono. Nikafungua pakiti. Kisha nikaiweka chini, nikachukua kadi mpya, nikavuta stuli, nikaanza mwanzo kabisa kama ninayemwona leo. Umri. Hedhi ya mwisho. Damu baada ya hapo, kiasi gani, ya rangi gani. Upasuaji lini. Dawa zipi. Anaamka mara ngapi. Mengine nilikuwa nayajua kuliko jina langu, nikauliza hivyo hivyo.

Alijibu swali kwa swali, kwa sentensi kamili, na baada ya kila jibu alisubiri hadi aone kalamu imesimama. Nilipofika mwisho nikanyanyua kichwa.

"Soma ulichoandika," alisema.

Nikasoma. Nikasoma yote kwa sauti, mstari kwa mstari, Sista Sechelela anasikiliza, mwanamume wa miaka hamsini na kitu kama mtoto wa darasa la pili. Mahali pamoja nilikuwa nimekosea mwezi, akanisahihisha, nikafuta nikaandika upya.

Akafikiri kidogo. Kisha akasogeza kitenge hadi magotini, akanyoosha mguu.

"Haya," alisema. "Choma."